Uji Mchachu wa Mwalimu

Chumba chenye baridi kuliko vyote katika nyumba ya Mwalimu kilikuwa jiko, na baridi hiyo haikuwekwa kwa ajili ya mtu. Iliwekwa kwa ajili ya chupa. Mgeni aliyekwenda kumwona pale Azaiba, mtaani kwetu Muscat, wakati wa joto, saa zile ambazo hata paka hujificha chini ya magari, alikalishwa sebuleni chini ya pangaboi lililozungusha joto lile lile, huku nyuma ya mlango wa jiko kiyoyozi kikinguruma kwa nguvu zake zote juu ya chupa kubwa ya achari iliyojaa nafaka ya oti iliyolowekwa. Siku moja nilimwuliza kama tunaweza kuuacha mlango wa jiko wazi kidogo. Alinitazama kama nimemwomba figo.

"Hii inataka hali ya hewa ya Ayalandi," alisema. "Weye unataka nini?"

Nilitaka kazi. Yeye alijua, mimi nilijua, na mama yangu aliyenituma na sahani alijua kuliko sote. Lakini nitalifikia hilo.

Alikuwa jirani yetu, mjane, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Alisomesha hisabati miaka mingi, akastaafu, na mtaani jina lake lilikwisha zamani likabaki hilo la kazi. Ujanani alipelekwa kusoma Ayalandi, katika mji mdogo ambao kwa maelezo yake ulikuwa na mvua, kanisa na mvua. Wenzake waliopelekwa Ulaya walirudi na cheti na koti. Yeye alirudi na cheti, koti, na pishi moja alilofundishwa na bibi aliyempangisha chumba. Koti lilining'inia nyuma ya mlango wa sebule, zito, la sufu, katika mji ambao mtu akivaa fulana mbili anaulizwa kama anaumwa. Pishi alitulisha.

Nitalieleza, kwa sababu alinieleza mara nyingi mno hata siwezi kulisahau. Alinunua oti zenye maganda yake kutoka duka la chakula cha mifugo huko Sib, wanakonunua wenye farasi. Alizisaga kidogo, akaziloweka katika maji ya vuguvugu, akafunika chupa kwa kitambaa na kuiacha wiki nzima ichachuke. Kisha alichuja, akatupa makapi, na maji meupe yaliyobaki akayaacha yatulie hadi wanga ushuke chini. Maji ya juu alikunywa, au alitia kwenye chai badala ya maziwa. Huko Ayalandi, alisema, watu wa zamani waliyaita maziwa ya fahali. Ule wanga wa chini aliupika kwa maji na chumvi, akikoroga bila kupumzika mpaka ukaze, akaumimina bakulini upoe. Ukipoa unatikisika. Hiyo ndiyo flameri, na alilitamka neno hilo kwa midomo ya mbele, kama mtu anayepuliza chai.

"Chakula cha farasi, maziwa ya fahali," mama alisema aliposikia. "Huyu si mtu, ni zizi."

Rangi yake ilikuwa ya gundi ya karatasi. Harufu sijui niifananishe na nini bila kukosa adabu. Ladha ilianza kwa uchachu, ikaenda kwenye uchungu, halafu ikakaa nyuma ya ulimi kama deni. Nimesoma sana juu ya chakula hiki, kwa sababu mimi ni mtu wa kusoma sana juu ya kila kitu kinachonitisha, na kila aliyekiandika alisema ni chepesi, kichachu kiasi, kinaburudisha, na waliokulia nacho hukikumbuka kwa mapenzi. Nililala nikitafakari tofauti baina ya walichoandika na nilichokula, hadi nikagundua kosa. Bibi wa Ayalandi alimwambia wiki, na yeye aliweka wiki. Lakini wiki ya kule ni wiki ya jiko la mawe lenye dirisha linalovuja baridi. Hapa siku mbili zingetosha na kubaki. Kiyoyozi kingesaidia kidogo kama angekiacha, ila Mwalimu alikuwa bahili. Kila akienda kulala alikizima, na oti zikarudi Muscat. Kwa hiyo mtu aliyesomesha hisabati maisha yake yote alishindwa kupatanisha joto na siku, akatulisha kitu kilichokwisha haribika tangu katikati ya wiki, na akatuambia ndio ustaarabu.

Nilifikiria kumwambia. Nilifikiria namna ya kumwambia. Niliandaa sentensi tatu, moja ya utani, moja ya kisayansi, moja ya kinyenyekevu, na sikusema hata moja, kwa sababu mtu anayekutafutia kazi hakosolewi pishi lake.

Dharau yake kwa vyakula vya wenzake ilikuwa haina mipaka. Mandazi yalikuwa hewa iliyokaangwa. Biriani ilikuwa kelele. Sikukuu moja nyumbani kwetu alikuja na bakuli lake, akaliweka katikati ya sinia, ubavuni mwa halua, akamtangazia ami yangu aliyetoka Nizwa kwamba halua ni gundi ya sukari na kwamba mtu mwenye meno ya kutosha hahitaji kitu cha kumbandikia taya. Ami ni mtu wa heshima. Alichukua kijiko cha flameri, akakitia mdomoni. Kisha akanyoosha kikombe cha kahawa kijazwe, akanywa, akakinyoosha tena, na tena.

"Vipi?" Mwalimu akamwuliza.

"Mashallah," ami akasema. "Inakumbusha mauti."

Mwalimu alicheka sana, akahesabu kuwa amesifiwa.

Ila hakuna alichokidharau kama shurba ya oti. Kila nyumba hapa hupika shurba hiyo Ramadhani, oti na nyama na bizari na ndimu kwa juu, na ya mama yangu hutafutwa na watu. Mwalimu aliitazama kama matusi yaliyotiwa bakulini. "Oti hazipikwi na nyama," aliniambia, "kama vile hamvai kofia miguuni. Yule bibi angeiona hii angelia." Nilimwuliza kwa nini basi anaimaliza. Akasema kumwaga chakula ni haramu.

Alikuwa na namna hiyo ya kukutukana huku anakula chako. Pia aliturekebisha Kiswahili. Sisi vijana tunachanganya, tunaanza kwa Kiswahili tukamaliza kwa Kiarabu, na katikati kuna Kiingereza cha chuo. Yeye alinyanyua kidole na kusubiri sentensi irudi ilikotoka. Lakini yeye mwenyewe akipiga simu benki alisema Kiingereza kizito cha puani ambacho karani wa benki hakukielewa, hata akamwomba, kwa adabu, aseme Kiarabu. Aliwasema watu kwa kujionyesha, na koti lake lilikuwa mahali ambapo kila anayeingia lazima aliguse. Alisema wasio na shukrani ndio wanaoharibu dunia, na sikumsikia hata siku moja akisema ahsante kwa sahani.

Sasa sahani. Ramadhani moja mama alimpelekea futari kama anavyowapelekea majirani wote, na kwa kuwa sisi haturudishi chombo cha mtu kitupu, sahani ilirudi na flameri. Mama alinusa, akaiweka mbali na watoto wa dada yangu. Angekuwa ameishia hapo, kwani kwake jirani ni jirani lakini pua nayo ina haki zake. Ila nilikuwa nimemaliza chuo mwaka ule na vyeti vyangu vilikuwa kwenye bahasha vikipata joto, na Mwalimu, akipokea sahani ya pili, aliniambia mlangoni:

"Weye hujapata kazi bado?"

"Bado, Mwalimu."

"Wanafunzi wangu wako kila wizara pale Khuwair. Mmoja ni mudiri, mkubwa wa idara nzima. Nnanyanyua simu tu."

Nilimwambia mama. Kesho yake sahani iliongezwa sambusa. Ramadhani ikaisha, sahani hazikuisha. Zilikwenda mwaka mzima na mwaka uliofuata, kila wiki mara mbili, mara mbatata, mara samaki wa nazi, mara hiyo shurba ya matusi, na mimi ndiye niliyezipeleka, na kila nilipozipeleka nilikalishwa sebuleni na kupewa bakuli na kijiko.

Mama hakuficha biashara yake. "Mimi simpendi, hanipendi," alisema. "Akupatie kazi, nitamlisha mpaka kiyama. Siku nikijua hana faida, sahani yangu inabaki kabatini."

Hapo ndipo nilipokuwa mtaalamu wa kijiko. Nikila haraka ataniongeza. Nikila polepole ataona siipendi. Nikibakisha, sina shukrani, na asiye na shukrani hapigiwi simu. Nikimaliza yote na kusifu, ataniona mnafiki. Nikimaliza na kunyamaza, ataniona sina adabu. Nilifikia uamuzi wa vijiko saba na sifa moja isiyozidi maneno matatu. Kisha nilisubiri aseme jambo juu ya simu.

"Nitamwona," alisema.

Au, "Wiki hii ana mikutano."

Au, "Inshallah," na hilo ndilo lililonimaliza, kwa sababu nilikwenda nalo nyumbani na kulipima. Lilikuwa inshallah ya nitafanya au inshallah ya nenda zako? Sauti ilipanda au ilishuka? Dada yangu alinifanyia dhihaka, akasema mtu anayechunguza inshallah ya mwalimu wa hisabati hastahili kazi, anastahili dawa.

Simu yake ilikuwa ya vitufe na ilikaa juu ya redio. Katika muda wote ule sikuwahi kuisikia ikilia. Niliona, nikajiambia sikuona.

Nilimdharau. Nasema hivi bila kujificha, na sidhani kama baadaye niliacha. Nilidharau koti, nilidharau kidole kilichonyanyuliwa, nilidharau namna alivyoniangalia kooni nikimeza, kuhakikisha imepita. Nilidhani ni kiburi. Mtu amepata sentensi mbili za Ulaya akiwa kijana, akakaa juu yake maisha yote kama kuku juu ya yai la plastiki.

Mwaka huu niliitwa kwenye mtihani wa ajira katika idara moja Khuwair. Niliomba mwenyewe, kwa mtandao, kama wanavyoomba maelfu. Nilifika mapema mno, kwa sababu mimi hufika mapema mno, nikasimama nyuma ya nguzo ya ukumbi wa chini nikikariri majibu ya maswali ambayo hakuna aliyeniuliza. Na nikainusa kabla sijaiona. Ule uchachu. Nikadhani ni wasiwasi wangu umeanza kutoa harufu.

Mwalimu alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki karibu na mapokezi. Kanzu nyeupe imepigwa pasi, kilemba kimefungwa vizuri, na magotini bakuli lililofungwa kwa kitambaa cha jikoni. Kijana wa mapokezi, wa rika langu, na Kiswahili chake cha nyumbani kama chetu, alikuwa ameinama juu ya meza akijaribu kuzungumza polepole.

"Mzee, mudiri hana nafasi leo. Na chakula hakiruhusiwi kupanda juu."

"Umemwambia ni mwalimu wake?"

"Nimemwambia."

"Wa hisabati?"

"Nimemwambia, mzee. Wa hisabati."

"Amesemaje?"

Kijana akatazama kompyuta yake ingawa haikuwa na kitu cha kumsaidia. "Anasema samahani. Hakumbuki."

Mwalimu alitikisa kichwa, kwa utulivu, kama mwanafunzi ametoa jibu lililo karibu na sahihi. "Alikuwa akikaa nyuma," alisema. "Mwambie alikuwa akikaa nyuma, dirishani. Mimi nnasubiri."

"Wallahi nimempigia mara mbili, mzee."

Nilitaka kurudi nyuma ya nguzo. Nilihesabu kuwa nikigeuka sasa hataniona, na kwamba kutokumwona kungekuwa adabu, na kwamba huenda kungekuwa woga, na nilipokuwa bado nalipima hilo alikuwa ameshaniona.

Alisimama mara moja. Uso wake ukarudi kwenye ukubwa wake wa kawaida.

"Ah! Nimeshazungumza naye," alisema kwa sauti ya darasani. "Kijana mzuri. Ananiheshimu mno. Mambo yako yako mezani kwake."

Kijana wa mapokezi alinitazama, kisha akatazama chini. Nilimshukuru kwa hilo.

Mtihani ulichukua saa moja na sikumbuki nilichoandika. Nilipotoka Mwalimu alikuwa nje kwenye kivuli chembamba cha ukuta, bakuli mkononi, akisubiri teksi ambayo hakuwa ameita. Nikamfungulia mlango wa gari. Tuliingia barabara kuu, kiyoyozi mpaka mwisho, na gari zima likajaa ile harufu, na ndani yangu kitu kilichokuwa kimeketi vizuri miaka miwili kikainuka. Miaka miwili ya vijiko saba. Mama akikuna nazi kwa ajili ya simu isiyopigwa. Nilitaka kumwambia nimesikia kila neno. Kwa kuwa mimi ni mimi, nikasema jambo jengine kabisa.

"Mwalimu, unaiacha muda mrefu mno."

"Nini?"

"Hiyo. Oti. Wiki ni nyingi. Hapa joto. Siku mbili zinatosha. Inaharibika, Mwalimu. Ni mbaya. Ni mbaya sana."

Sikuthubutu kumtazama. Tulipita jengo moja na jengine.

"Nnajua," alisema. "Ulimi nnao."

"Basi kwa nini?"

"Kwa sababu alinambia wiki."

Nilisema, kwa ukali ambao sikuuzoea, kwamba yule bibi mwenyewe angekuwa hapa asingeweza kuila.

"Yule? Hata kule alikuwa haili," Mwalimu akasema. "Alikuwa hawezi hata kuinusa. Akiipika anafungua dirisha, na nje theluji."

Nikageuka kumwangalia, nusura nimgonge mtu wa mbele.

"Tazama njia, mwanangu. Ilikuwa chakula cha bibi aliyemzaa mama yake, zama zao za kufunga, walipokuwa hawagusi nyama wala maziwa. Yeye keshasahau mambo hayo, anakula mkate na mayai kama watu. Nikamwambia kwetu kuna mwezi wa kufunga, unakaribia. Nimesema tu, kupitisha maneno. Nyumba yake nzima ilikuwa inapikwa kwa shahamu ya nguruwe, masufuria yote, hata mikate. Hakujua anipe nini." Alikishika kitambaa cha bakuli, akakaza fundo lililokuwa limekaza tayari. "Inataka wiki. Mimi mwenyewe nlikuwa sijui mwezi utaandama lini, sina wa kumwuliza. Siku ya kwanza nimefunga, magharibi nateremka chini nikidhani nitakunywa maji nilale. Nakuta bakuli mezani. Kumbe keshaloweka zamani."

Akaongeza kwa sauti yake ile ile ya kuudhi, "Na wala haikuwa nzuri. Nikamaliza yote."

Tukaingia Azaiba. Nilikuwa natafuta la kusema na nilikuwa nayo mengi, yote ya uongo. Nilifikiri juu ya yule kijana wa mapokezi, na mudiri aliyekaa dirishani, na kijiko changu cha saba. Nilifikiri kwamba mtu aliyefanyiwa jambo kama lile angepaswa kuwa mtu mwema zaidi, na kwamba huyu hakuwa, na kwamba hilo nalo lilinikasirisha.

Nje ya nyumba yake aliteremka polepole. Kisha akainama na kuniwekea bakuli juu ya kiti alichotoka.

"Chukua weye. Ushazoea."

Hakusema ahsante kwa kumleta. Alifunga mlango wa gari kwa nguvu, kama mtu anayefunga friji.

Mama alikuwa jikoni anamenya mbatata. Alisikia harufu kabla sijafika mlangoni, akakunja uso, akafuta mikono.

"Mtihani vipi?"

"Sijui."

"Na huyo? Maana bakuli lake hilo. Umemwona wapi?"

"Khuwair. Alikwenda kwa mudiri."

Mama akaacha kisu. Miaka miwili ya sahani ilisimama machoni mwake. "Kweli kenda? Kaonana naye?"

Sote tunajua mama yangu angefanya nini na ukweli. Kabati liko nyuma yake, mkono wa kulia.

"Kaonana naye," nikasema.

"Kasemaje?"

"Kasema tusubiri."

Alinitazama muda mrefu kidogo kuliko nilivyopenda. Mama ni mtu wa Unguja, anaweza kusoma uongo kupitia ukuta. Kisha akarudi kwenye mbatata zake.

"Haya. Kesho nimtilie nini?"

"Shurba," nikasema. "Ile ya nyama."

"Ataitukana."

"Aitukane," nikasema, nikafungua fundo, nikatafuta kijiko.